Uongo uko wapi hapo?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: rapa anayejificha nyuma ya jina na sura ya kubuni, je, anamdanganya msikilizaji? Nasema hapana, na naomba nafasi ya kueleza, maana muziki huu nimeupenda kwa miaka mingi na tuhuma hiyo naiona haiutendei haki.

Darasani, kwenye ushairi, tulifundishwa mapema kumtenga mtunzi na nafsineni, yaani ile sauti inayosema ndani ya shairi. Mshairi akiandika kwa sauti ya mjane, hakuna anayemwita mwongo eti mkewe yu hai. Ila rapa akitamka "mimi", tunadai awe yeye mwenyewe: mtaa wake, umaskini wake, maadui zake. Naelewa kwa nini. Hip hop imesimama juu ya ushuhuda, na msikilizaji anataka kujua kama shahidi aliyaona anayoyasema. Lakini marapa wa hip hop mbadala, ile isiyofuata mkondo wa kibiashara, walidai haki ile ile ambayo mtunzi wa shairi amekuwa nayo siku zote.

Mfikirieni Daniel Dumile. Alizaliwa London mwaka 1971, akakulia New York, na alianza kuchana kwa jina la Zev Love X katika kundi la KMD pamoja na mdogo wake, DJ Subroc. Aprili 1993, albamu yao ya pili ikiwa bado haijakamilika, Subroc aligongwa na gari akafa. Mwaka uliofuata kampuni ya muziki ya Elektra ilikataa kuitoa albamu hiyo kwa sababu ya picha ya jalada, ikamwacha. Ndugu hana, mkataba hana. Alipotea kwa miaka kadhaa. Aliporudi, alipanda jukwaa la Nuyorican Poets Café, ukumbi wa washairi huko Manhattan, akiwa amejivika soksi ya nailoni usoni. Baadaye soksi ikawa barakoa ya chuma, na jina likawa MF DOOM, kwa kumfuata Doctor Doom wa katuni za Marvel, mhalifu anayeficha uso ulioharibika. Albamu ya Operation: Doomsday ikatoka mwaka 1999.

Katika mahojiano alirudia jambo moja: alitaka watu wasikilize maneno, wasihangaike na sura ya msemaji. Namwamini. Ukiisikiliza mistari yake, vina vimebanana kiasi kwamba unarudia ubeti mara tatu kabla ya kuunasa wote, na uso wa mtu ungekuwa kelele tu hapo.

Hakuishia kwa mhusika mmoja. Mwaka 2003 peke yake alitoa albamu mbili kwa majina mengine: Viktor Vaughn, kijana mjeuri, na King Geedorah, joka la vichwa vitatu kutoka anga za mbali. Mwaka uliofuata ikaja Madvillainy, aliyoitengeneza na mtayarishaji wa muziki Madlib, na humo mna wimbo ninaoutumia kila ninapobishana na watu juu ya jambo hili: Fancy Clown. Viktor Vaughn anamgombeza mpenzi wake aliyemsaliti, na mwanamume aliyemchukua huyo mpenzi ni DOOM. Mtu mmoja ameibiwa mpenzi na yeye mwenyewe, kisha anajitukana kwa hasira ambayo unaisikia kuwa ya kweli kabisa! Anayetaka kudanganya huficha mshono. Huyu ameuweka mbele ya macho yetu, akatuachia tuustaajabie.

Madlib naye ana mhusika wake, Quasimoto. Hakuipenda sauti yake nzito, basi akawa anapunguza kasi ya kanda, anachana polepole, kisha anairudisha kasi yake. Sauti inatoka nyembamba, kama ya kiumbe asiye wa dunia hii. Kwenye The Unseen ya mwaka 2000 Madlib na Quasimoto wanapokezana mistari kama marafiki wawili wa zamani.

Wahenga wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hapo nina shaka. Rapa Kool Keith alimbuni Dr. Octagon, daktari wa upasuaji kutoka sayari ya Jupita, katika albamu ya mwaka 1996. Daktari huyo alipendwa mno, na mwaka 1999 Keith alikuja na mhusika mwingine, Dr. Dooom, ambaye jambo lake la kwanza lilikuwa kumuua Octagon. Nadhani kinyago kilikuwa kimeanza kumfunika mchongaji. Wala kifo hicho hakikudumu, kwa kuwa mwaka 2018 Octagon alikuwa na albamu mpya.

Kuna mahali ambapo nawapa haki wanaolalamika. Kuanzia mwaka 2007 hivi, baadhi ya maonyesho ya DOOM yalifanywa na watu wengine waliovaa barakoa yake na kufuatisha midomo kwenye muziki uliorekodiwa. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kuwa ndiye aliyewatuma, akajitetea kwamba hiyo pia ilikuwa sanaa ya mhusika wake. Utetezi huo siukubali. Aliyekata tiketi hakuwa ameambiwa masharti ya mchezo, na mashabiki waliozomea walikuwa na sababu. Nampenda sana DOOM, lakini hapo alikosea.

Studioni, hata hivyo, masharti yalikuwa wazi tangu mwanzo. DOOM alifariki tarehe 31 Oktoba 2020, nasi tukapata habari siku ya mwisho ya mwaka. Usiku ule niliurudia wimbo wa Operation: Doomsday ambao jina lake ni alama ya kuuliza tu. Mwishoni mwake mhalifu yule wa barakoa anaacha majigambo, anamsemesha Subroc: walivyofanya kila kitu pamoja, rakaa mia walizoswali, makoti ya ngozi waliyonunua. Zev Love X sikumsikia akisema hivyo. Ni DOOM aliyeweza.