Dalili za Ajira Kuyumba: Kwa Vijana Mnaoanza Kwenye Miradi ya Kigoma

Wadogo zangu mnaoanza kazi za miradi ya wakimbizi Kasulu, Kibondo na Kakonko, nimewaona tena mkisoma uso wa meneja badala ya kusoma mkataba, na inaniuma kwa sababu kosa hilo limekwisha kuwagharimu waliowatangulia.

1. Jueni tarehe ambayo fedha za mfadhili zinakoma. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa mwaka 2021, na Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, tathmini nzuri ya mtumishi haikuingia kabisa katika maamuzi yale.

2. Safari za kwenda kambini zikianza kukataliwa, nafasi ya aliyeondoka ikaachwa wazi, nawe ukaombwa kumwelekeza mwenzako kila unachokifanya, usisubiri tangazo la kupunguza wafanyakazi.

3. Ahadi ya mdomo si mkataba. Mwenzetu mmoja wa Kibondo alikuwa amehuishiwa mkataba wa mwaka mmoja mara kadhaa, na mkuu wake alimwandikia barua pepe kwamba jina lake limo katika bajeti mpya. Mkataba ulipoisha aliambiwa akapumzike nyumbani, ataitwa fedha zikiingia. Akasubiri, akipiga simu na kujibiwa kwa upole uleule, huku akiogopa kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, kwa kudhani kwamba angeharibu jina lake katika mkoa ambao watu wa mashirika wanafahamiana wote. Alipokwenda, siku 30 za kulalamikia kuachishwa kazi zilikuwa zimepita, ikambidi kwanza aombe kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa, na ahadi za simu hazikutosha. Hoja yake ilikuwa na nguvu, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda hata mwenye mkataba wa muda maalumu endapo alikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuhuishiwa. Barua pepe ile ndiyo ingekuwa ushahidi wake, lakini ilibaki katika akaunti ya kazi, iliyofungwa siku yake ya mwisho. Kwa hiyo nawasihi: mkataba, barua za tathmini na hati za mshahara ziwe na nakala nyumbani, leo, si siku ya makabidhiano.

4. Kikao cha kupunguza wafanyakazi si mahali pa kuinamisha vichwa. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana nanyi kuhusu vigezo vya kuchagua watakaoondoka kabla hajaamua; ulizeni vigezo hivyo, na majibu yaingie katika muhtasari.

5. Kagueni michango yenu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mwezi, kwa maana mara nyingi ukata huonekana huko kabla mshahara wenyewe haujachelewa, na mwezi ukiruka, ulizeni kwa maandishi.