Indoli: kutoka kikuba cha asumini hadi tumboni mwako

Usiku wa harusi ya binamu yangu, Lindi mjini, shangazi alinivisha kikuba cha asumini. Kufika alfajiri maua yalikuwa yamenyauka na harufu yake imekuwa nzito, karibu ya kukera. Niliitambua palepale. Mimi ni mtu wa maabara, na harufu hiyo hunipokea kila nikifungua chupa ya bakteria wa kinyesi waliooteshwa usiku kucha. Tunadondoshea matone machache ya kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, na duara jekundu likitokea juu tunajua: hapa pana kemikali iitwayo indoli.

Asumini inayo, choo kinayo. Ikiwa kidogo hunukia, ikizidi hunuka. Tangu asubuhi ile nimekuwa nikiifuatilia, na imenibadilisha shambani na jikoni.

Kwa umbo, indoli ni pete mbili za atomi zilizoshikana, na ndogo kati yake imebeba naitrojeni. Mkemia wa Kijerumani Adolf von Baeyer aliipata mwaka 1866 akichunguza rangi ya nili. Sisi tunaila ikiwa imejengwa ndani ya triptofani, kipande cha protini ambacho mwili wetu hauwezi kujitengenezea. Kimo kwenye mbaazi, ufuta, korosho, samaki na mayai, vitu ambavyo kusini tunavyo.

Nianze na shamba, maana huko ndiko nilikokosea. Mwaka wangu wa kwanza kulima muhogo kule Mtama nilipanda pingili kwa haraka, nyingine macho yakitazama chini. Bibi alipita akazing'oa moja moja. "Mjukuu wangu, umempanda kichwa chini, atazaa nini?" Hakuniambia sababu, akaendelea na safu inayofuata. Zile alizozikosa zilichipua kwa shida na kubaki dhaifu hadi mavuno.

Sababu ni indoli. Mmea hutengeneza asidi ya indoli-asetiki, aina kuu ya homoni za ukuaji ziitwazo auksini, kwenye machipukizi na majani machanga, kisha huisafirisha kushuka shinani. Ikijikusanya kwenye ncha ya chini, mizizi hutokea hapo. Ukigeuza pingili hujageuza njia hiyo: yenyewe bado inakumbuka chini yake ni wapi. Mholanzi Frits Went ndiye aliyeinasa homoni hii katika miaka ya 1920, kwa kukata ncha za miche ya oti na kuziweka juu ya vipande vya agari, aina ya jeli ya maabara. Mwaka 1934 wanakemia walipotaka kujua ni kitu gani hasa, waliichuja kutoka kwenye mkojo wa binadamu. Mtu wa maabara kama mimi nilifurahi sana kusoma hilo.

Kwa hiyo panda macho yakitazama juu, na ukikata pingili shambani zifunge zote upande mmoja ili msaidizi wako asichanganye. Homoni hiyohiyo, ikitoka kileleni, huzuia macho ya pembeni yasichipue. Ndiyo maana mkorosho mzee ukikatwa shina hutoa machipukizi mengi, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, hubebesha juu yake vikonyo vya mikorosho bora. Nao bakteria wa udongoni hutengeneza auksini na kuimwaga kwenye mizizi, kwa hiyo mabaki ya mavuno yaache yaoze shambani, usiyachome.

Jikoni sasa. Kabichi na chainizi zina kitu kiitwacho glukobrasisini. Kisu kinapovunja jani, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nacho hukutana nacho, na mwishoni hupatikana indoli-3-karbinoli, ambayo ikifika kwenye asidi ya tumbo hubadilika tena na kuzungumza na chembe hai (seli) za ukuta wa utumbo. Lakini kimeng'enya hufa kwa moto, na maji mengi hubeba glukobrasisini kwenda nayo. Mimi naosha kwanza, nakata, naacha kama dakika kumi huku nikimenya vitunguu, ndipo nakaanga kwa muda mfupi. Tafadhali acha ile tabia ya kukata, kuchemsha na kumwaga maji. Na vidonge vya indoli hii vinavyouzwa kwa ahadi ya kuzuia saratani, mimi sinunui: kwa binadamu ahadi hiyo haijathibitishwa.

Tumboni ndiko penye mambo mengi. Bakteria kama Escherichia coli hukata triptofani na kutoa indoli, wanaitumia kupeana taarifa wao kwa wao, na chembe za utumbo wetu nazo huisikia: hushikana vizuri zaidi, ukuta ukawa imara. Bakteria wengine hutengeneza asidi ya indoli-propioniki, ambayo nayo hulinda ukuta huo. Kinachoamua njia ipi ifuatwe ni chakula. Nyuzinyuzi zikiwepo, bakteria hula hizo na triptofani nyingi huelekezwa kwenye asidi hiyo nzuri. Zikikosekana, hugeukia protini, na indoli tupu huongezeka.

Nilipokuwa zamu za usiku nilikula chapati, nyama na soda miezi mingi, na choo kilikuwa mateso. Nilirudi kwenye vya nyumbani: mbaazi, njugu mawe, matembele, ugali wa mtama, ming'oko msimu wake. Niliongeza polepole, maana mbaazi nyingi kwa ghafla hujaza gesi, na maji nilikunywa zaidi. Wiki ya tatu tumbo lilitulia.

Ila mwenye ugonjwa wa figo asinifuate bila daktari wake. Ini hugeuza indoli kuwa indoksili salfeti, ambayo figo nzima huitoa kwenye mkojo. Figo zikishindwa hujikusanya kwenye damu na kudhuru. Baba yangu mdogo ana tatizo hilo, na sahani yake nyumbani kwetu hupangwa kwa karatasi aliyopewa kliniki, hata siku ya mbaazi za nazi.