Gari limechorwa kwa ncha ya chuma: polishi inatosha, au ni lazima rangi mpya?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekuta gari langu, ambalo ni la kijivu chenye chembe zinazometameta, limechorwa makusudi kwa kitu chenye ncha kali kuanzia mlango wa mbele hadi juu ya gurudumu la nyuma. Mstari huo kwingine ni hafifu, kwingine ni mweupe, na karibu na kitasa naona kama bati limebaki wazi. Fundi wa kwanza ameniambia kuwa polishi itaondoa kila kitu, na wa pili anataka kupiga rangi upya ubavu mzima. Nimwamini yupi, na je, kuna sehemu ninayoweza kuishughulikia mwenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuchagua fundi, na kabla hata ya kuupitishia mstari huo kitambaa, piga picha. Moja ionyeshe ubavu wote pamoja na namba ya gari, na nyingine zipigwe kwa karibu, mwanga ukiwa unatoka pembeni, kwa sababu mwanga unaoangukia mkwaruzo moja kwa moja huuficha. Kisha toa taarifa polisi na kwa kampuni yako ya bima, ukisubiri wakague ndipo uanze matengenezo. Bima inayolipia madhara ya watu wengine tu haitakusaidia hapa, ilhali bima kubwa kwa kawaida hugharimia uharibifu wa makusudi, isipokuwa kiasi cha mwanzo ambacho hubebwa na mwenye gari. Ikiwa gharama ya fundi inakaribia kiasi hicho, na dai lenyewe litakupotezea punguzo la ada, huenda ikawa nafuu kulipa mwenyewe.

Mafundi wako wawili wanatofautiana kwa sababu kila mmoja ameangalia kipande kimoja cha mstari. Mkono unaochora gari haukandamizi kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, na rangi yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba tofauti ndogo ya nguvu hubadilisha matengenezo yote. Matabaka ya rangi ya kiwandani, yakijumlishwa, kwa kawaida hayazidi sana mikroni 100 hadi 150, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Chini kabisa lipo tabaka la kuzuia kutu, linafuatwa na praima, yaani rangi ya msingi inayoshikilia rangi ya juu, kisha rangi yenyewe, na juu yake klia, yaani tabaka linalong'aa lisilo na rangi, ambalo mara nyingi huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50.

Kipimo cha kuaminika cha nyumbani ni maji. Osha sehemu hiyo, iache ikauke, kisha ilowanishe kidogo kidogo ukitazama mstari. Pale unapotoweka ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, mkwaruzo umeishia ndani ya klia. Usihukumu kwa weupe pekee, kwani klia iliyochanika hutawanya mwanga na kuonekana nyeupe kama praima, na wapo watu waliolipia rangi mpya kwa sababu ya weupe ambao polishi ingeuondoa. Baada ya maji, pitisha ukucha polepole: ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, na polishi peke yake haitaumaliza.

Sababu yake ni kwamba polishi haijazi kitu. Inapunguza klia iliyo pembeni mwa mkwaruzo mpaka uso wote ushuke na kuwa sawa na kina chake. Kwa mikwaruzo hafifu, hilo ni jambo jema: fundi mwangalifu husugua kwa msasa wa maji wa namba 2000, akafuata na wa 3000, kisha kompaundi, yaani dawa ya kusugulia yenye chembe za kukwangua, na polishi, huku akipima unene wa rangi kwa kifaa. Asiye na kifaa hicho aanze na kompaundi laini na aache msasa kando. Klia ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kinga dhidi ya jua, na ikikonda kupita kiasi, uso unaopendeza leo unaweza kufifia na kubanduka baada ya miaka kadhaa. Kuhusu dawa ya meno, ambayo hupendekezwa mno, hiyo ni kompaundi dhaifu tu, nayo haina la kufanya pale ukucha unaponasa.

Palipo na bati wazi ndipo pa haraka. Chuma kilichokosa rangi huanza kupata kutu ndani ya siku chache, hasa penye unyevu au hewa ya chumvi, na kutu hutambaa chini ya rangi nzima iliyo jirani. Mara bima ikishakagua, futa nta yote kwa spiriti, kausha, na upake praima kidogo kwa ncha ya kijiti, ndani ya mkwaruzo tu. Hili unaliweza mwenyewe.

Unaweza pia kujaza rangi kwa brashi ndogo. Namba ya rangi ya gari lako huwa kwenye kibandiko, aghalabu kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Paka tabaka jembamba, subiri likauke, rudia mpaka rangi na klia vipite uso kidogo, acha siku kadhaa, kisha sawazisha kwa msasa laini wa maji uliozungushiwa kibao kidogo kigumu. Hata hivyo, usitarajie muujiza: chembe za metali hulala tofauti zikipakwa kwa brashi kuliko zikipulizwa, hivyo mstari utafichika ukisimama hatua chache na utaonekana ukiinama. Kwa doa la karibu na kitasa, hilo lavumilika, lakini kwa mstari unaovuka paneli tatu mimi naona halivumiliki.

Kwa hiyo, kama maji na ukucha vitaonyesha kwamba sehemu kubwa imevuka klia, fundi wa pili ana haki, ila mwulize maswali mawili kabla ya kumkabidhi funguo. La kwanza, je, ataififisha rangi mpya taratibu hadi ndani ya paneli jirani? Kijivu cha metali hakilingani kirahisi, na rangi ya zamani imeshachujuka juani. La pili, je, atapuliza klia kwenye paneli nzima? Klia inayokatwa katikati ya paneli huacha ukingo unaojitokeza baadaye. Kazi ya kupuliza usiifanye uani, kwa kuwa klia zinazochanganywa na kigumishi huwa na isosianati, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haiizuii. Rangi mpya ikishatoka gereji, usiipake nta kwa wiki kadhaa, maana thina iliyobaki ndani huwa bado inatoka.

SWALI: Gari langu halikukwaruzwa, bali limepuliziwa rangi ya kopo mlangoni. Je, nitumie thina?

JIBU: Hapana, hasa kama gari limewahi kupigwa rangi nje ya kiwanda, kwani thina inaweza kulainisha klia na kuharibu plastiki na mipira ya madirisha. Jaribu kwanza udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari, ukilowanisha uso wakati wote, na alama itakayobaki iondoe kwa kompaundi laini. Lakini kama kilichomwagwa ni mafuta ya breki, usisugue kabisa: mwagia maji mengi mara moja, kwa sababu mafuta hayo hulainisha rangi, na kitambaa kitaiondoa rangi hiyo pamoja nayo.