Huria Si Bure: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Tulipowaalika wasomaji mwezi uliopita watuulize kuhusu hakimiliki, programu za kompyuta na faragha ya mtandaoni, nilitarajia barua za wanasheria. Zilizofika zimetoka kwa mwalimu, kijana anayeuza programu, mweka hazina wa kikundi cha akina mama na mzee mmoja mstaafu. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha kwa makusudi.

"Shule yetu ina chumba chenye kompyuta 20. Fundi aliyeziandaa alitia Windows na Office ambazo hatukuzinunua. Mwenzangu anataka tuhamie kwenye programu huria, lakini mkuu wa shule anasema hakuna tofauti: kote kuwili hatulipi kitu, hivyo kama ile ni wizi, na hii ni wizi. Nani kati yao yuko sahihi?" Mwalimu wa sekondari, Tanga

Mwalimu, mpe mkuu wako salamu zangu, kisha umweleze kwa adabu kwamba anapima kwa fedha jambo ambalo hupimwa kwa ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inaihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, pamoja na vitabu na vijitabu, kwa hiyo anayeinakili bila idhini ya mwenyewe amevunja sheria hata kama fundi alilipwa vizuri kwa kazi hiyo. Programu aliyowatilia fundi wenu ina leseni inayokataza kunakiliwa ovyo. Programu huria ina leseni inayowaambia nakilini, na mkipenda mpeni na jirani. Ya kwanza mmeivunja, ya pili mtakuwa mmeitii.

Lugha yetu imetusaidia hapa kuliko inavyowasaidia Waingereza. Neno lao moja, free, hubeba maana zote mbili, ya kutolipa na ya kutofungwa, na kwa zaidi ya miaka 40 wapenzi wa programu hizi wamekuwa wakieleza wanakusudia maana ipi. Sisi tuna bure na tuna huria. Soko huria si mahali pa kugawiwa nyanya, na aliyesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania anajua vizuri kwamba ada hulipwa.

Chanzo cha mambo haya ni printa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman, mtaalamu wa programu katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, alikuwa ameirekebisha programu ya printa ya zamani ili karatasi ikikwama watumiaji wapate ujumbe. Ilipokuja printa mpya ya kampuni ya Xerox, programu yake ilikuwa imefungwa, na mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo wake, yaani maandishi ya asili ambayo programu huundwa kutokana nayo, alikataa kumpa kwa sababu alikuwa ameahidi kutomwonyesha mtu. Septemba 1983 Stallman akatangaza GNU, mradi wa kuunda programu huria, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia programu, kuichunguza, kuibadili na kuigawa, kwa sharti kwamba anayeigawa asiwanyime wengine ruhusa alizopewa yeye. Tazama alichofanya: hakuifuta hakimiliki, aliigeuza ifanye kazi upande wa pili. Bila hakimiliki sharti lile lisingekuwa na meno, kwa sababu hakuna mahakama ingeweza kumbana anayelikiuka. Kwa hiyo mkuu wako anapoiweka programu huria karibu na wizi, ajue kwamba imesimama juu ya sheria ileile inayoilinda Microsoft.

Wala hili si jambo la ugenini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya ofisi iitwayo OpenOffice ikiwa na menyu za Kiswahili. Hakuna aliyepanga foleni kwenye mlango wa kampuni kuomba kibali cha kutafsiri. Leseni ilikwisha kukitoa.

Kwa upande wa vitendo, msihame kwa siku moja. Anzeni kwa kutia LibreOffice, programu huria ya ofisi, katika kompyuta mlizo nazo, waacheni walimu waizoee kwa muhula mmoja, na mkubali mapema kwamba majedwali yenye mapambo mengi huhamahama kidogo yanapofunguliwa upande wa pili. Kisha shughulikieni mfumo endeshi wenyewe, yaani programu inayoiendesha kompyuta, kama hiyo Windows. Hili la mwisho lisichelewe sana, kwa sababu mafundi wengi wanaovunja kufuli za programu huanza kwa kuzima kinga ya virusi, na kompyuta za shule kwa kawaida zimehifadhi matokeo ya wanafunzi na namba za simu za wazazi.

"Nimetengeneza mfumo wa hesabu na kumbukumbu za wateja kwa maduka ya dawa. Msingi wake niliuchukua kutoka programu yenye leseni ya GPL, nikaondoa majina ya wenyewe, nikaweka la kwangu. Mteja mmoja sasa anadai nimpe msimbo. Lakini nilichukua kitu ambacho tayari ni cha umma, na kazi iliyobaki ni jasho langu. Ananidai kwa haki gani?" Kijana, Dodoma

Ndugu yangu, kitu hicho si cha umma. Kina wenyewe, na wamekuruhusu kukitumia kwa masharti ambayo, kwa maelezo yako mwenyewe, umeyakiuka mawili. Kuuza si kosa, kwa sababu GPL haikatazi biashara, na bei ni yako. Kosa la kwanza ni kufuta majina ya watunzi. La pili ni kumnyima mteja msimbo, kwani uliyempa programu ana haki ya kupata na msimbo wake, pamoja na sehemu ulizoongeza wewe kama zimeungana na ule msingi kuwa programu moja. Hii ndiyo bei yake, nawe uliilipa siku ulipoamua kutoanza kuandika kutoka mwanzo.

Usidhani masharti haya ni mapambo ya karatasi. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilitoa amri dhidi ya kampuni ya vifaa vya mtandao iliyotumia sehemu za Linux, mfumo endeshi huria, bila kufuata GPL, na mlalamikaji alikuwa mtunzi mmoja tu, Harald Welte. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kuwa anayevunja masharti ya leseni huria anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki, si mkataba tu. Na kesi yenyewe ilihusu programu ya kuendeshea treni za kuchezea, kwa hiyo udogo wa duka la dawa hautakuwa utetezi.

Habari njema ni kwamba, kama ulichotumia ni toleo la tatu la GPL, lililotoka 2007, mkosaji wa mara ya kwanza anayejirekebisha ndani ya siku 30 tangu kupokea taarifa ya mwenye haki hurudishiwa ruhusa zake. Usingoje taarifa hiyo. Rudisha majina, mpe mteja msimbo, na uendelee kutoza ada ya matengenezo na mafunzo, ambako ndiko walipo wengi wanaoishi kwa programu huria. Wakati mwingine, kama hutaki kabisa kutoa msimbo, chagua msingi wenye leseni ya MIT, isiyodai zaidi ya kubakiza tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo hukuliuliza, nalo limenitia wasiwasi kuliko yote. Umeandika kwamba "kwa urahisi" umeweka kila kitu kwenye hifadhi ya wazi mtandaoni, "pamoja na data za majaribio kutoka duka la kwanza." Ndugu yangu, ziondoe leo, na ujue kwamba kufuta faili hakutoshi, kwa kuwa hifadhi za aina hiyo huweka kumbukumbu ya kila toleo lililopita. GPL inadai msimbo. Haidai, wala haiwezi kudai, orodha ya watu wanaonunua dawa za kisukari. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Mwenye duka ndiye aliyezikusanya, wewe unazichakata kwa niaba yake, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyepewa na mgonjwa ruhusa ya kuzianika.

"Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Mpwa wangu amenitilia WhatsApp ya GB ili nizione jumbe ambazo wanachama wanazifuta. Ananiambia ni salama kwa sababu ni ya wazi, imetengenezwa na watu wa kawaida na si kampuni. Je, ni kweli?" Mama, Mombasa

Mama yangu, mpwa wako anakupenda, lakini katika hili amekupotosha. Programu huwa ya wazi pale msimbo wake unapowekwa hadharani, mtu yeyote mwenye ujuzi akaukagua. Signal, programu nyingine ya kutumiana jumbe, iko hivyo. WhatsApp yenyewe haiko hivyo, ingawa tangu 2016 inafunga jumbe zote kwa mbinu ya usimbaji, yaani ya kuugeuza ujumbe usisomeke na mwingine, iliyobuniwa na watu wa Signal. Ile ya GB ni WhatsApp iliyofumuliwa na kushonwa upya na watu wasiojulikana, bila ruhusa ya mwenyewe na bila msimbo wa kukaguliwa. Haikupata wema wa upande wowote.

Kufuli ya usimbaji huulinda ujumbe ukiwa njiani. Ukifika kwenye simu hufunguliwa na programu iliyopo, na programu hiyo ndiyo uliyompa mtu usiyemjua aitengeneze, huku simu ikiwa na namba za vitambulisho vya wanachama na michango yao ya M-Pesa. Akaunti yako nayo inaweza kufungiwa, kwa kuwa masharti ya WhatsApp yanakataza programu za aina hiyo. Kabla ya kuiondoa, nakili orodha ya michango kwenye daftari. Kuhusu jumbe zilizofutwa, ninajua kwamba kazi ya hazina hukutanisha mtu na maneno mengi, lakini mwanachama aliyeandika kwa hasira akajutia baada ya dakika mbili alikuwa anajisitiri, na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya imeuweka usiri wa mawasiliano miongoni mwa haki za mtu.

"Nilikuwa mwalimu, sasa nimestaafu. Mjukuu wangu alinifundisha kusoma sentensi kwa sauti katika mradi wa Common Voice, ili mashine zijue Kiswahili. Nimesoma mamia. Juzi nimesikia kwamba makampuni huzichukua sauti hizo bila kulipa. Sauti yangu ni mali ya nani? Na je, niendelee? Nina tenzi zangu pia ambazo ningependa zisikike." Mzee, Lamu

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo gumu kuliko yote, na nitalijibu polepole.

Common Voice ni mradi wa taasisi ya Mozilla, na rekodi zake hutolewa chini ya hati iitwayo CC0, ambayo maana yake ni kuachilia haki zote za hakimiliki kadiri sheria inavyoruhusu. Uliyosikia ni kweli: mwanafunzi wa Nairobi anaweza kuzitumia, na kampuni tajiri ya California inaweza kuzitumia, na hakuna anayewajibika kukulipa wala kukuomba tena. Hata rekodi zako zikiondolewa katika matoleo yajayo, nakala zilizokwisha kupakuliwa haziitiki zinapoitwa.

Hata hivyo, hakimiliki siyo haki pekee iliyomo ndani ya rekodi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataja utambuzi wa sauti miongoni mwa alama za kimaumbile za mtu, pamoja na alama za vidole na retina ya jicho, na masharti ya Common Voice yenyewe yanamkataza mtumiaji kujaribu kubaini msemaji ni nani. Ulichoachilia ni ruhusa ya kuifunza mashine Kiswahili, na hukumpa mtu ruhusa ya kukutafuta wewe. Mahakama Kuu ya Kenya ilionyesha mwaka 2025 kwamba mambo haya hayachezewi, ilipoamuru kufutwa kwa picha za mboni na nyuso ambazo Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ulizikusanya. Miongoni mwa kasoro ilikuwa kwamba ridhaa ya watu ilivutwa kwa ahadi ya malipo.

Wapo waliochagua njia nyingine. Huko New Zealand, redio ya Wamaori iitwayo Te Hiku Media iliwakusanya watu wake mwaka 2018 wakarekodi zaidi ya saa 300 za lugha yao kwa siku kumi, kisha ikakataa kuziweka wazi kwa kila mtu. Hoja yao ni kwamba watu walionyang'anywa ardhi, na lugha ikakaribia kuwafia kinywani, hawawezi kumpa mwingine data ya lugha hiyo aje kuwauzia tena. Naiheshimu hoja hiyo. Lakini Kiswahili hakiko katika hali yao: kina wasemaji wengi katika nchi nyingi, hakina lango moja la kufungwa, na tukizuia rekodi, atakayeumia kwanza ni kijana wa Kisumu au Bukavu asiye na fedha za kukusanya zake, maana kampuni kubwa inaweza kuajiri wasomaji wiki ijayo. Kwa hiyo naona uwazi ulikuwa uamuzi sahihi. Ninachowalaumu wenye miradi ya namna hii ni kuamini kwamba mtu ameridhia kwa kubofya chini ya maandishi ya kisheria. Maana ya CC0 ilipaswa kuelezwa kwa mdomo, kwa Kiswahili, kabla ya sentensi ya kwanza.

Kama umeelewa masharti hayo na bado moyo wako uko radhi, endelea kusoma. Lafudhi ya Lamu ni adimu katika mashine hizi. Ila tenzi usizipeleke huko. Sentensi unazosoma mle hukuzitunga wewe, lakini tenzi ni kazi yako, na sheria ya Kenya inakulinda wewe maisha yako yote na warithi wako kwa miaka 50 baadaye. Ukizitia chini ya CC0 utakuwa umeufuta ulinzi huo kwa mkono wako. Mwambie mjukuu azirekodi kando, aziweke mtandaoni kwa leseni ya Creative Commons, yaani moja ya leseni zilizoandaliwa tayari kwa watunzi, ile inayodai jina lako litajwe na kukataza matumizi ya kibiashara, na karatasi ulizoziandikia uzihifadhi, zikiwa na tarehe.