Taa ni mbea, mwanangu

Marahaba mwanangu. Picha uliyotuma nimeiona: taa ya injini inawaka, na mashine ya fundi imetoa namba ya kosa P0135. Unauliza kama umpe fundi wa hapo Dodoma hiyo laki na themanini ya sensa ya oksijeni, kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi. Umeuliza kana kwamba mimi ndiye fundi. Mimi nilikuwa nauza spea tu, fundi alikuwa marehemu baba yako. Ila miaka yote ile nyuma ya kaunta haikupita bure.

P0135 haisemi sensa imekufa. Inasema njia ya umeme ya hita ya sensa ya kwanza, ile iliyo kabla ya masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, ina tatizo. Hita imo ndani ya sensa, kazi yake ni kuipasha moto haraka, maana sensa isipofika kama nyuzi 300 haisomi kitu na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inapima mafuta kwa kukisia. Ndiyo maana gari linakunywa, hasa kwa mtu kama wewe ambaye safari yako ni nyumbani na kazini, dakika kumi. Sasa njia hiyo ni ndefu. Kuna fyuzi, kuna soketi, kuna waya zinazopita jirani na ekzosi, kuna kontrol boksi yenyewe. Taa ni mbea. Mbea atakwambia nyumba fulani kuna ugomvi. Nani kaanza, hajui.

Yule mwalimu wa Corolla nyeupe labda humkumbuki, ilikuwa 2009, ulikuwa unajiandaa kwenda fomu wani. Alikuja na namba hiyohiyo. Baba yako alikuwa na magari matatu uani, hakuinama hata kuchungulia, akasema, "Mama Neema, mpe sensa." Nikampa. Baada ya wiki akarudi, taa inawaka. Nikasema ile ilikuwa feki, mimi mwenyewe, tena ya dukani kwangu! Nikamuuzia nyingine ya bei juu zaidi. Siku nne tu, taa.

Mara ya tatu ndipo Shomari wa gereji yetu alipolala chini ya gari. Akavuta waya mmoja kwenye soketi, upande wa gari, ukanyumbuka kama mpira wa manati. Waya mzima hauvutiki hivyo. Plastiki ya nje haikuwa na hata mkwaruzo, kumbe shaba ya ndani imekatika. Kuna mtu aliwahi kushusha gia boksi akasahau kurudisha kibanio, waya ukawa umeegemea karibu na joto muda wote huo. Gari likiwa baridi shaba zinagusana, likipata moto na mtikisiko zinaachana. Shomari akakata kipande cha urefu wa kiganja, akaunga kingine, akalehemu, kwisha.

Mwalimu akauliza, kwa adabu kabisa, kama anaweza kurudisha hata ile moja. Baba yako akaniangalia. Mimi nikanyoosha kidole kwenye bango: VIFAA VYA UMEME HAVIRUDISHWI. Mwalimu akasema, "Sawa, mama." Hakukanyaga tena pale. Nikawa namwona anapita kwenda gereji ya ng'ambo ya barabara, na kila akipita ananisalimia kwa honi. Bora angenuna.

Lakini ningefanyaje? Sensa iliyokwisha kufungwa, nani angeninunulia? Na hela ile ilikuwa imeshageuka godoro lako na tranka la bweni. Hapana, hapo najitetea. Nusu ningeweza kumrudishia. Na mita ya kupimia umeme ilikuwa inaning'inia pale pale ukutani, chini ya bango. Kupima kungechukua dakika tano.

Basi mwambie fundi apime ukiwa umesimama hapo. Ekzosi iwe imepoa. Achomoe soketi ya sensa: ikiwa na waya nne, mbili za rangi moja ndizo za hita. Aweke mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, baina ya hizo mbili. Ikisoma omu chache, au hata kumi na kitu hivi kutegemea gari, hita ni nzima. Isiposoma kabisa, imekatika. Mlipe na usinung'unike. Kama ni nzima, afungue swichi bila kuwasha injini aangalie kama upande wa gari unaleta volti 12. Hauleti, aanze na fyuzi. Unaleta, afuate ule waya mwingine unaorudi kontrol boksi, huo ndio uliomponza mwalimu. Auvute taratibu.

Unataka niseme fundi wako ni mwizi. Sisemi. Baba yako hakuwa mwizi, alikuwa na haraka. Mimi, tuache. Ila akikataa kupima, akakwambia mashine imeshasema, ujue mashine imerudia maneno ya taa, na taa ni mbea. Mimi ningechukua funguo zangu nikaondoka. Haya, nimeshasema, na nilisema sisemi. Gari ni lako, hela ni yako.

Mita ya baba yako naituma kwa basi la Ijumaa asubuhi, nimeizungushia kanga na kuitia ndani ya mfuko wa mchele. Betri yake, ile ya mraba ya volti 9, imekufa, nunua nyingine. Waya mweusi una tepu karibu na ncha. Usiibandue, aliizungusha mwenyewe.

Mama yako