Bei ya chini peke yake haitoshi kukuhamisha

Ndugu, umeuliza kama umwache msambazaji wenu wa siku nyingi kwa kuwa mwingine ana bei pungufu kwa asilimia 8. Usikimbilie. Piga hesabu ya gharama yote: usafiri, ushuru, mzigo mbovu. Na hasa muda: huyo mpya akichukua siku 45 kufikisha mzigo badala ya 15, utalazimika kuweka akiba kubwa zaidi ghalani, na hiyo ni fedha iliyolala. Peter Kraljic, mshauri wa mambo ya biashara, alishauri mwaka 1983 tupime kila bidhaa kwa uzito wake kwenye faida na ugumu wa kuipata. Karatasi za ofisi? Hama hata kesho. Malighafi ambayo ikikosekana mitambo inasimama, mpe huyo mpya sehemu ndogo ya oda kwanza, na yule wa zamani mbakize.