Nyumba yetu, ardhi ya mwingine: je, miaka 12 inatosha?

SWALI: Wakili, salaam aleikum. Babu alijenga nyumba hapa Kisauni, Mombasa, kabla ya Uhuru, na mpaka leo twamlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Nasikia ukikaa miaka 12 ardhi inakuwa yako. Ni kweli? Na ilikuwaje wenyeji tukawa wapangaji kwetu?

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na la pili, maana ndilo lililozaa la kwanza.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar atambuliwe kuwa mwenye ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Desemba 1895 Sultani akawakabidhi Waingereza usimamizi wa ukanda huo kwa pauni 11,000 kwa mwaka. Wamijikenda waliokuwa wakilima hapa hawakuulizwa.

Kilichowaumiza zaidi ni Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke maombi na ushahidi kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Mwenye hati ya kuandikwa alitoka na cheti. Shamba la mbari, ambalo mipaka yake imo vichwani mwa wazee, lilikuwa halina nafasi katika daftari lile.

Kipo kifungu kimoja kinachonichoma kila nikisomapo: cheti kilikuwa ushahidi kamili kwamba mwenye cheti ndiye mwenye minazi, nyumba na majengo yaliyokuwepo siku ile, isipokuwa ndani yake paandikwe vinginevyo. Yaani mtu apande mnazi, aulee mpaka uzae, kisha aupoteze kwa kukosekana mstari mmoja wa wino! Huo ni unyang'anyi, hata kama ulipigwa muhuri.

Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, waliandikiana barua, na Kenyatta akaahidi kwamba hati za Pwani zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa. Kwa hiyo vyeti vile vilivuka Uhuru na nguvu zake zote.

Sasa hiyo miaka 12. Imo katika Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, lakini ni ya anayekaa waziwazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenye ardhi. Nyinyi mnalipa kodi, basi mko kwa ruhusa yake. Hata mkikaa miaka 60 haihesabiki. Pasipo mkataba wa maandishi, hesabu huanza siku kodi ya mwisho ilipopokewa. Wako watu ambao mwenye shamba aliacha kuja kuchukua kodi tangu miaka ya tisini. Hao wana kesi ya kudai ardhi. Lakini msigome kulipa makusudi ili muanze kuhesabu, maana atawashtaki kwa malimbikizo na kuwatoa mapema. Na kama ardhi ni ya serikali, kanuni hii haifanyi kazi kabisa.

Fanyeni upekuzi kwanza kwenye ofisi ya ardhi, mjue cheti kiko kwa jina la nani. Nimeona familia zikilipa kodi kwa mtu ambaye hana hata inchi moja pale. Nakala iliyothibitishwa ya hati hiyo ndiyo itakayoambatanishwa mkienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kusanyeni pia risiti zote, hata zilizochakaa za wakati wa babu. Haziwapi ardhi, ila zinaonyesha nyumba ni ya nani, na bila hizo ni vigumu kudai chochote mwenye shamba akiamua kuuza.